Utafutaji kwa picha ndani ya video za harusi: ni uvumbuzi wangu au Wamarekani wameshauchukua?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina studio ndogo ya video hapa Sakina, Arusha. Kwa miaka kadhaa nimerekodi harusi, sendofu na safari za watalii, na ekstano zangu, yaani diski za nje za kuhifadhia video, zimejaa. Nimewaza programu ambayo mteja ataweka picha, iwe ya gauni, keki au tembo aliyemwona Tarangire, nayo imtolee sehemu hiyohiyo ya video na kuanza kuicheza papo hapo kwenye simu yake. Rafiki yangu mmoja anasema Wamarekani wameshawekea hataza (patent) kila kitu cha namna hiyo, nikigusa tu nitashtakiwa. Mwingine ananihimiza nikimbilie BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuomba hataza kabla wazo halijaibwa. Nimsikilize nani? Na je, kitu chenyewe kinawezekana kwa bando zetu hizi?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Kinawezekana, na mimi naona bando ndilo linalolipa wazo lako thamani, kwa hiyo nitaanza nalo. Marafiki zako watasubiri kidogo.

Video ya harusi yenye urefu wa saa 3, kwa ubora wa 720p na kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, inakula karibu GB 3.4. Hakuna shangazi wa Usa River atakayemaliza bando lake la wiki ili aone alivyoingia ukumbini. Ila yeye hataki saa 3. Anataka zile sekunde 40 alizocheza na bibi harusi. Sekunde 40 kwa kilobiti 600 kwa sekunde, ubora unaotosha kabisa kwenye kioo cha simu, ni MB 3. Ukimfikisha hapo bila kumzungusha, atalipa. Ukimwambia avute kidole kwenye ule mstari wa chini hadi apapate mwenyewe, kila anapovuta simu inapakua vipande ambavyo hatavitazama, na bando linakwisha kabla hajajiona.

Sasa wazo lenyewe. Kutafuta kitu ndani ya filamu kwa kuonesha picha yake si jambo jipya. Mwaka 2003 Josef Sivic na Andrew Zisserman wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mfumo uliofanya hivyo hasa: unachora kisanduku kuzunguka kitu kwenye fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda filamu, mfumo unakuletea fremu nyingine za filamu hiyo ambamo kitu hicho kinaonekana. Utafutaji wa picha kwa picha ni mkongwe zaidi. IBM walikuwa na mfumo wa namna hiyo miaka ya 1990. TinEye ilikuja 2008, Google wakakuruhusu kutafuta kwa kupandisha picha mwaka 2011, na Google Lens ikafuata 2017. Kustrimu kwa vipande vidogovidogo, ambako simu inapanda na kushuka ubora kufuatana na mtandao, Apple walikuingiza kwenye iPhone mwaka 2009 kwa jina la HLS, na ndugu yake DASH akawa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Vyote hivi utavipata bila kumwomba mtu, na zana za kuvitengeneza ni za bure.

Kwa hiyo ukienda BRELA na sentensi uliyoniandikia, unapeleka wazo ambalo wenzako walishalichapisha. Kazi iliyobaki kwako iko kwenye kiungio, yaani pale jibu la utafutaji linapogeuka kuwa video inayocheza. Watu wengi wanaounda mifumo hii wanajua upande mmoja tu. Wa picha hawajui video, wa video hawajui picha, na kiungio kinavuja.

Nikuoneshe kinavyovuja. Chukua harusi yako moja, uikandamize kwa H.264, njia ya kawaida ya kupunguza ukubwa wa video, ukitumia programu ya ffmpeg bila kubadilisha mpangilio wowote. Programu ya x264 inayofanya kazi humo ndani, ukiiacha ilivyo, inaweza kukaa hadi fremu 250 kabla ya kuandika tena fremu kamili. Fremu nyingine zote huandika tofauti tu kati yake na jirani zake. Kwa kamera ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10. Picha ikikatwa kwenda kamera nyingine, x264 huweka fremu kamili yenyewe. Lakini wewe unajua kamera inavyotulia kwenye meza kuu wakati MC anaita wajomba. Hapo zinapita sekunde 10 nzima nzima.

Tuseme shangazi ameweka picha yake na mfumo umempata kwenye dakika ya 41, sekunde ya 17. Fremu kamili ya mwisho iko sekunde ya 9. Simu haiwezi kuanzia 17, kwa sababu haina msingi wa kujengea picha. Ama irudi sekunde ya 9, na shangazi amtazame MC akitania kwa sekunde 8 akidhani programu imekosea, ama ifumbue fremu 200 kimyakimya huku kile kiduara kikizunguka. Kwenye simu ya bei ya chini na mtandao wa saa mbili usiku, ameshafunga. Utafutaji ulikuwa sahihi, ila yeye ataondoka akiamini kwamba programu yako haifanyi kazi.

Dawa yake ni ndogo: lazimisha fremu kamili kila baada ya sekunde 2, yaani -g 50 kwenye ffmpeg, ukate vipande vya sekunde 4, na kila kipande kianze na fremu kamili. Faili litanenepa kidogo. Vumilia. Kipande cha sekunde 4 kwa kilobiti 600 ni KB 300; ukianza na ngazi ya chini ya kilobiti 300 ni KB 150, na kinafika haraka hata mtandao ukiyumba. Ipangie programu inayocheza video ianze na ngazi ya chini ya ubora kisha ipande, kwa sababu mtu aliyetafuta anataka kwanza kuthibitisha kwamba ndiye yeye, ubora atausubiri. Kwa sinema ya saa 2 ningekushauri kinyume.

Upande wa picha umerahisika mno siku hizi. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha nyingi, inatazama fremu na kuitoa kama orodha ya namba, mara nyingi 512. Fremu zinazofanana hupata orodha zinazokaribiana, na kutafuta ni kupima tu ipi iko karibu na ipi. Modeli ya namna hiyo, CLIP, ilitolewa na OpenAI mwaka 2021 na unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako. Piga hesabu kabla hujatishwa na gharama za seva: namba 512 za baiti 4 ni KB 2 kwa fremu. Ukichukua fremu moja kila sekunde 2, saa 500 za video ni fremu 900,000, ambazo ni takriban GB 1.8. Hizo zinaenea kwenye laptopu uliyonayo. Watakaokuuzia hifadhidata maalumu ya kukodi kwa mwezi, waambie utawatafuta.

Ugumu uko penginepo. CLIP ilifundishwa kwa picha milioni 400 zilizotoka kwenye intaneti pamoja na maelezo yake, na maelezo hayo karibu yote ni ya Kiingereza. Inajua gauni jeupe na keki ya ghorofa tatu. Lakini iletee ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa mezani na majani mdomoni, watu wanacheza kumzunguka. Hicho ndicho kipande ambacho nusu ya wageni wa harusi ya Kichagga watakitafuta, na mtu akiandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, modeli haitaelewa lolote. Itabidi uifundishe wewe kwa fremu za ndafu mia chache kutoka kwenye ekstano zako, na nyingine za vitu vinavyofanana naye ambavyo si yeye. Fanya hivyohivyo kwa kunywa mbege, kuvishana shuka na kuingia kwa wazee wa ukoo. Google na wenzao hawana video hizo, wewe unazo. Kama kuna kitu chako cha kulinda kwa wivu, ni lebo hizo, yaani majina unayozipa fremu, kuliko kodi (msimbo wa programu) yoyote utakayoandika.

Kisha zipo sare. Kamati nzima imevaa kitenge kimoja, akina mama arobaini. Shangazi akiweka picha aliyopiga akiwa amevaa kitenge hicho, mfumo utamletea fremu mia mbili, zote sahihi, na hazina faida kwake. Hapa ndipo kiolesura, yaani ukurasa anaouona mteja, kinapofanya kazi ambayo modeli haiwezi. Usimwoneshe fremu, mwoneshe matukio: fremu zote za mfululizo mmoja ziwe picha moja yenye maandishi mafupi chini, “Kuingia ukumbini” au “Zawadi, upande wa bwana harusi”. Mpe uwezo wa kuchora kisanduku kwenye picha yake, ili achague mkufu au kilemba badala ya kitenge chote. Na usiweke vile vivideo vinavyojicheza vyenyewe kwenye ukurasa wa majibu. Vinapendeza ofisini kwenye Wi-Fi, lakini kwa mteja wako ni wizi wa bando. Picha ndogo 20 za KB 8 kila moja ni KB 160 tu. Tena ukizipanga pamoja ndani ya picha moja kubwa, na kifaili kidogo cha maandishi kikieleza ipi iko wapi na ni ya sekunde ya ngapi, simu inaomba mara moja tu badala ya mara 20.

Upande wa wanyama una nafuu kwako, na umebahatika kuwa jirani na kazi kubwa iliyofanyika kwa picha za nyumbani. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitandaza kamera za kujipiga zenyewe 225 hifadhini na kuwaomba watu wa kujitolea duniani waainishe picha. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya modeli iliyofundishwa kwa picha milioni 3.2 za mradi huo: ilitambua wanyama wa aina 48 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93. Kwa hiyo kumtenga nyumbu na nyati hakutakusumbua. Lakini mtalii hamtafuti tembo yeyote, anamtafuta yule aliyesimama mbele ya gari lao, na hapo tarehe na jina la dereva zitakusaidia kuliko modeli yoyote. Waulize mapema kabisa, kabla hawajaweka picha. Na kama una video za faru wa Ngorongoro, futa taarifa za mahali na saa kabla ya kuzipandisha. Majangili nao wana simu.

Sasa turudi kwa marafiki zako.

Wa kwanza amekosea kuhusu mipaka. Hakuna hataza ya dunia. Hataza ya Marekani inashika Marekani. Ili ishike hapa Tanzania Bara, mwenyewe lazima awe ameiomba BRELA, au kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la hakimiliki za ubunifu na uvumbuzi kule Harare, akiitaja Tanzania miongoni mwa nchi anazozitaka. Zanzibar wana usajili wao. Lakini asikufanye ulale pia: mtalii akirudi Chicago na wewe ukawa unamuuzia huduma akiwa kule, sheria ya kule inaanza kukuhusu.

Amekosea pia kuhusu wakati. Hataza ya Marekani hudumu miaka 20 tangu tarehe ya maombi, na mwenyewe asipolipa ada ya kuitunza inakufa kabla ya hapo. Kuna mbinu maarufu ya kutambua alama ndani ya picha, SIFT, aliyoichapisha David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia mwaka 1999. Kwa miaka mingi waliokuwa wakiitumia kibiashara Marekani walipaswa kuchunga, kwa kuwa chuo kilikuwa na hataza yake. Ilikwisha muda Machi 2020, na mwaka huohuo OpenCV, mkusanyiko wa bure wa zana za programu za kuchakata picha, ikaihamishia kwenye sehemu yake ya kawaida. Leo unaitumia unavyotaka.

Zaidi ya yote, naamini rafiki yako amesoma vichwa vya hataza. Ingia Google Patents au Espacenet, ni bure, utaona vichwa vinavyotisha: “mfumo wa kutafuta kwa picha na kucheza video”. Kichwa hakina nguvu yoyote. Teremka hadi mwisho, kwenye madai. Dai la kwanza kwa kawaida litakuwa aya moja ndefu yenye vipengele vingi: seva inayopokea picha, na inayokata eneo fulani, na inayolinganisha kwa njia fulani, na inayoonesha matokeo kwa mpangilio fulani. Kimsingi, ili uwe umeingilia dai hilo, mfumo wako lazima uwe na vipengele vyote. Ukikosa kimoja, mara nyingi uko nje yake. Soma kumi za namna hiyo jioni moja na hofu itapungua. Na utajifunza mengi, maana nyuma ya ile lugha ngumu kuna michoro mizuri ya watu waliofikiri sawasawa.

Wa pili ana nia njema, ila anakupeleka mlango usio wako. Itifaki ya Harare, ambayo ARIPO wanaifuata, inaitaja programu ya kompyuta miongoni mwa vitu visivyohesabiwa kuwa uvumbuzi. Ulaya ni hivyohivyo kwa programu peke yake, ingawa wanasikiliza ukionesha kwamba umetatua tatizo la kiufundi. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014, kwenye kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, kwamba kuchukua wazo la jumla na kuliendesha kwenye kompyuta ya kawaida hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Wazo lako kama ulivyoliandika litakwama kote huko. Tuseme kesho ukagundua njia ya kupanga fremu kamili kufuatana na sehemu zinazotafutwa sana, video ikaanza haraka na data ikapungua kwa kipimo kinachopimika. Hapo kuna hoja ya kiufundi, na hapo nenda kwa wakili wa hataza. Ukifika hapo nyamaza kabisa. Usiioneshe kwenye Instagram wala kwenye grupu la wapiga picha, kwa sababu Marekani wanakupa mwaka mmoja baada ya kuitangaza mwenyewe, Ulaya hawakupi hata siku moja. Ukishaomba BRELA, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukiwa bado na tarehe yako ya kwanza.

Ulinzi unaokufaa leo ni wa bei nafuu. Kodi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tangu unapoiandika. Kuisajili Ofisi ya Hakimiliki kunakupa ushahidi. BRELA nenda ukasajili jina na nembo kama alama ya biashara, hilo ni la maana. Na rekebisha mkataba wako na maharusi: wengi wenu mnaandika bei na tarehe tu. Uandike nani ana haki ya kuiweka video mtandaoni na kwa muda gani. Muziki wa DJ uliomo ndani ya video nao una wenyewe, na kuustrimu kwa umma ni jambo tofauti na kuwapa maharusi nakala kwenye flashi.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza, nalo linanikosesha raha kuliko hataza. Watu watakuomba watafute kwa sura. Kiufundi ni rahisi kuliko ndafu. Usifungue mlango huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na za watoto, na ipo Tume ambako anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili. Sheria kando, fikiria mtu anayeweka picha ya mke wa mtu ili aone alikaa na nani kwenye harusi ya Kijenge. Acha watafute nguo, vitu, matukio na wanyama. Kila harusi iwe na namba yake ya siri ambayo maharusi ndio wanaoigawa, na utafutaji usivuke kutoka harusi moja kwenda nyingine.

Usianze na ekstano zote. Chukua harusi moja ambayo maharusi wake mnaelewana, uombe ruhusa kwa maandishi, uikate upya kwa fremu kamili za kila sekunde 2, uweke lebo za matukio kwa mkono, kisha wape namba ya siri wanakamati wake. Kama huwezi kuandika kodi mwenyewe, nenda Chuo cha Ufundi Arusha au panda hadi Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, uulize kama yupo mwanafunzi anayetafuta mradi. Mwekeane kwa maandishi tangu siku ya kwanza kodi ni ya nani na lebo ni za nani. Halafu kaa karibu na shangazi mmoja asiyejua teknolojia, mpe simu yake mwenyewe yenye bando lake mwenyewe, na uhesabu sekunde zinazopita tangu anapobonyeza picha mpaka anapojiona. Zikizidi 3, rudi kwenye vipande vyako vya video kabla hujaigusa modeli.